Nikuangalie kwanza unavyoinuka

Mzee akiingia chumbani kwangu, tukishaamkiana na kuulizana habari za nyumbani, namwomba akae kwenye kiti, halafu ainuke. Vipimo vingine vinafuata baadaye. Kwa sekunde zile chache naona kama anajisukuma kwa mikono, kama anayumba mara mbili tatu ndipo anyanyuke, kama akishasimama macho yanatafuta ukuta wa kushika. Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia huku pwani, na wengi ninaowahudumia wamevuka miaka 65.

Watoto wao hushangaa. "Lakini baba anatembea kila alfajiri kwenda msikitini na kurudi. Kaangukaje?" Jibu limo ndani ya misuli. Misuli ina nyuzi za polepole, zinazovumilia mwendo mrefu, na nyuzi za haraka, zenye nguvu ya ghafla. Uzee hula zaidi zile za haraka. Mzee anabakiwa na za kumfikisha msikitini taratibu, lakini siku kandambili ikinasa kwenye ukingo wa mkeka, mguu wa pili unatakiwa uwahi mbele kumdaka, na hauwahi. Anaangukia nyonga, na hapo ndipo shingo ya mfupa wa paja huvunjika. Kutembea kunafaa sana kwa moyo, presha na sukari, wala simwambii mtu aache. Ila nguvu ya kujidaka haiji kwa kutembea taratibu. Inataka misuli ibebe uzito.

Zamani uzito huo tuliubeba bila kuuita mazoezi. Bibi alikaa juu ya mbuzi akakuna nazi, akainuka. Alikaa kwenye kigoda kuchambua mchele, akainuka. Aliswali chini, rukuu, sijda, akainuka tena, mara tano kwa siku. Sasa nazi inasagwa kwa blenda, sebuleni kuna sofa inayommeza mtu, na goti likiuma kidogo tu kiti kinaletwa cha kuswalia. Mwenye goti bovu kweli aswali kwenye kiti, dini imempa ruhusa. Ninachokipinga ni huruma ya sisi watoto: "Mama kaa, tutakuletea." Kila tunapomletea, tumemnyima kuinuka kumoja.

Kitanda ndicho kibaya zaidi. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, wazee wenye afya nzuri walilazwa kitandani siku 10, na miguu yao ikapoteza karibu kilo nzima ya nyama. Hao hawakuwa wagonjwa. Fikiria sasa bibi aliyetoka kuugua malaria, asiyekula vizuri, na nyumba nzima inamwambia apumzike mwezi.

Nilimpokea bibi wa namna hiyo, miaka 78. Hakuweza kunyanyuka kwenye kiti bila kuvutwa mkono. Mwanawe aliniuliza kwa upole kama kwa umri ule bado kuna la kufanya. Nikamweleza habari ya Boston, mwaka 1990: wazee dhaifu 10 wa nyumba ya kulelea wazee, wenye miaka 86 hadi 96, walifanyishwa mazoezi ya kunyanyua uzito kwa miguu. Baada ya wiki 8, nguvu ya miguu ya waliomaliza ilikuwa imeongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Misuli ya mzee husikia ikiambiwa.

Tulianza na kiti chenye mito miwili juu yake, kwa sababu kiti kirefu ni rahisi kuinukia. Kiti kiegemezwe ukutani, maana cha plastiki juu ya vigae huteleza. Nyayo zote chini, visigino vivutwe nyuma kidogo ya magoti. Ainame mbele mpaka pua ipite vidole vya miguu, ndipo asimame, huku akitoa pumzi. Kushuka ni taratibu, kwa kuhesabu moja mpaka tatu. Wengi hujibwaga, na hapo nusu ya faida imepotea. Mara 8, apumzike, arudie. Siku tatu kwa wiki zinatosha, na mtu awe karibu. Kifua kikiuma au kizunguzungu kikija, aache na aende kituo cha afya. Anayetumia dawa za presha akae kwanza ukingoni mwa kitanda asubuhi kabla ya kusimama.

Tukaangalia na sahani yake. Alikuwa akiishi kwa chai, mkate na uji mweupe. Misuli haijengwi kwa hivyo. Tukaongeza dagaa, maharage, yai.

Mto wa kwanza tuliuondoa wiki ya tatu, wa pili wiki ya sita. Kipimo ninachokitumia ni kuinuka kitini na kukaa kwa sekunde 30, mikono imekunjwa kifuani: mwanamke wa miaka 75 hadi 79 akishindwa kufikisha mara 10, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Alipokuja mara ya kwanza alipata sifuri. Mwezi wa nne wa mazoezi alipata 9.

Siku hiyo aliniomba ruhusa ya kurudi kwenye mbuzi yake. Nilimpa. Mjukuu anasimama pembeni, na nazi ni moja tu kwa siku.