Kisukari cha mimba: tuanze na sahani

Mama mjamzito akiambiwa kliniki kwamba sukari yake imepanda, mara nyingi hutoka na mawazo mawili: kwamba amejiletea ugonjwa kwa kupenda chai tamu, na kwamba sasa atashinda na njaa. Yote mawili si kweli.

Kondo la nyuma hutoa homoni zinazopunguza nguvu ya insulini, homoni inayoshusha sukari kwenye damu. Kwa akina mama wengi kongosho huongeza insulini na mambo yakaenda sawa. Kwa baadhi haitoshi. Ndiyo maana kipimo hufanywa kati ya wiki ya 24 na ya 28.

Njaa haitibu hali hii, tena inamnyima mtoto. Kinachohitaji kupangwa upya ni sahani. Hapa Uganda sahani moja ya mchana hubeba matoke, posho (ugali wa mahindi), wali, viazi vitamu na muhogo, kisha maharagwe kidogo juu yake. Vyote vitano ni wanga, na wanga wote huishia kuwa sukari kwenye damu. Chagua kimoja, kisizidi robo ya sahani. Robo nyingine iwe maharagwe, mukene (dagaa), samaki au mayai. Nusu nzima iwe mboga za majani: dodo (mchicha), nakati, sukuma, kabeji. Wengi huamini kalo, yaani ugali wa wimbi, haipandishi sukari. Wimbi lisilokobolewa ni bora kuliko posho nyeupe, lakini bonge kubwa la kalo bado ni wanga mwingi.

Soda iachwe, na juisi pia, hata uliyokamua mwenyewe. Kula chungwa zima.

Baada ya kula, tembea dakika 10 hadi 15, kwa sababu misuli inayofanya kazi huchota sukari kutoka kwenye damu. Kulima na kuteka maji ni mazoezi pia, ila kazi hizo hufanywa asubuhi, na chakula kingi huliwa usiku. Usile ukalala papo hapo.

Haya hayawezekani ikiwa mama peke yake ndiye aliyeyasikia. Mume na mama mkwe waje kliniki, maana mara nyingi wao ndio wanaosema, "Ongeza, unakula kwa ajili ya wawili."

Kwa kawaida tunalenga sukari iwe chini ya 5.3 mmol/L kabla ya kula asubuhi, na chini ya 7.8 mmol/L saa moja baada ya chakula. Ikibaki juu baada ya wiki moja au mbili za kujitahidi, daktari ataongeza dawa ya metformini au insulini. Mama hajashindwa, mwili wake unahitaji msaada zaidi. Na kwa Waislamu: usifunge Ramadhani kabla ya kuzungumza na daktari.

Baada ya kujifungua sukari hurudi chini kwa wengi, lakini hatari ya kupata kisukari cha kudumu miaka ya mbele hubaki kubwa. Kunyonyesha husaidia kuipunguza. Kipimo kirudiwe kati ya wiki ya 6 na ya 12, na hapo ndipo tunapowapoteza akina mama wengi. Chanjo ya mtoto ya wiki ya 6 utaifuata tu; mwulize mkunga mapema kama siku hiyo uje bila kula, nawe upimwe.