Mchangishaji si dalali

Kwa mara ya tatu mwaka huu nimeketi kwenye kikao nikamsikia mtu mzima akisema, "Kimaadili mchangishaji anastahili asilimia 10 yake." Safari hii ilikuwa hapa Arua, chini ya mwembe: viti vya plastiki, daftari moja la mistari, kamati ya kupaua madarasa mawili. Kijana mmoja mwenye ulimi mwepesi alijitolea kwenda Kampala kuwazungukia wafanyabiashara wa kwetu walioko huko. Mshahara hakutaka. "Nipeni kamisheni tu, asilimia 10 ya nitakacholeta. Nisipoleta kitu, siwadai, hamnidai." Wazee wakaitikia kwa vichwa. Mmoja akaongeza kwamba hata vyama vya wachangishaji vya huko Marekani ndivyo vinavyofanya, ndiyo maadili ya kazi.

Vinakataza. Tena vinakataza kwa maneno makavu.

Maadili ya uchangishaji ni kanuni ambazo wanachama wa chama cha wachangishaji hujifunga nazo wenyewe: namna ya kuomba, kupokea na kutunza fedha za watu kwa kazi isiyo ya faida. Si sheria ya Bunge. Ukizivunja, chama chako kitakukemea, kitakusimamisha au kitakufukuza, basi. Chama kinachojulikana zaidi ni AFP (Association of Fundraising Professionals), kilichoanzishwa Marekani mwaka 1960 na kupitisha kanuni zake mwaka 1964. Hapa Uganda mashirika yasiyo ya kiserikali yalijiwekea mfumo wa kupimana kwa hiari, QuAM, mwaka 2006, ila huo hupima shirika zima, haumfuati mchangishaji mmoja mmoja.

Sasa tuje kwenye neno lenyewe, maana naona ugomvi wote umo ndani yake.

Kuchanga ni kutoa chako kikakutane na cha wenzako. Ukichanga umeamua mwenyewe. Lakini ukiweka -ish- pale katikati, ikawa kuchangisha, umeingiza mtu wa pili anayekufanya uchange, na kiambishi hicho hakisemi anakufanyaje. Mama humlisha mtoto, na hilo ni jema. Mwenye duka hukulipisha, na hilo si lazima ulipende. Kiambishi ni kilekile. Kwa hiyo mchangishaji anaweza kuwa mtu anayekueleza haja ya shule mpaka moyo wako ukalainika, na anaweza pia kuwa mtu anayekubana mbele ya wageni kwenye arusi mpaka unaahidi kwa aibu usichokuwa nacho. Lugha imewaita wote wawili jina moja. Kanuni za maadili zipo ili kuwatenganisha.

Dalali naye ni mtu wa aina nyingine kabisa, na hapo ndipo wazee wangu wanapoteleza. Neno limetoka kwenye Kiarabu, kwenye mzizi wa kuonyesha njia. Ndugu yake ni dalili. Dalali anamwonyesha mnunuzi penye kiwanja na kumwonyesha mwenye kiwanja penye mnunuzi. Mmoja anaondoka na ardhi, mwingine na pesa, na aliyewakutanisha anakatiwa chake. Simlaumu. Kila upande umepata kitu na kila upande unajua dalali analipwa. Lakini anayetoa mchango haondoki na kiwanja wala na mbuzi. Alichonunua ni bati juu ya vichwa vya watoto wa watu wengine. Ukimkata asilimia, umekata bati.

Kamisheni ndiyo inayonichekesha zaidi. Neno hili la Kiingereza lina asili ya Kilatini, na ndani yake mna kitenzi cha kutuma: mtu anatumwa, anakabidhiwa jambo. Kiswahili kililitafsiri vizuri, tukapata tume, kutoka kutuma, kama Tume ya Uchaguzi. Halafu neno lilelile likaingia tena kwa mlango wa sokoni, safari hii likiwa kamisheni, na maana yake imebaki fungu la pesa peke yake. Kutumwa kumepotea njiani. Kijana wetu alitaka kamisheni, na sisi tulikuwa tunahitaji mtume.

Tuzitazame pesa zenyewe. Siku ya kikao hicho mama mmoja anayeuza mukene, yaani dagaa, sokoni alifungua fundo la kitenge chake, akatoa shilingi 5,000, noti imekunjwa mara nne na inanuka samaki, akaiweka juu ya daftari. Angeitoa mkononi mwa kijana yule, 500 ingekuwa ya kijana. Hakuna aliyemwambia. Angeulizwa, "Mama, tuchukue 500 ya bati tumpe huyu?" sijui angejibu nini, lakini najua asingeulizwa. Walio karibu na Kampala watakumbuka kampeni ya michango ya Ettoffaali aliyoiongoza Charles Peter Mayiga, Katikkiro (waziri mkuu) wa ufalme wa Buganda, kuanzia mwaka 2013, baada ya makaburi ya wafalme huko Kasubi kuungua Machi 2010. Jina lilifanya kazi kubwa. Ni tofali letu hilihili. Mtu anapoambiwa anatoa tofali, anaona tofali ukutani, haoni robo yake ikikatwa njiani.

Liko jambo jingine. Anayelipwa kwa asilimia hana sababu ya kumsubiri mtu. Tajiri akisema, "Rudi mwezi wa tatu nitawajengea darasa zima," yeye anataka 200,000 za leo. Na kama mchango mkubwa umekuja kwa sababu mwalimu mkuu wa zamani aliheshimika miaka 30, kwa nini fungu liende kwa aliyebeba bahasha tu?

Nakubali kwamba kamati nyingi hazina cha kulipa, na ndiyo maana asilimia inaonekana salama: hakijaletwa kitu, hakijatoka kitu. Lakini hatari haijaondoka, imehamishiwa kwa mama wa mukene. Hata AFP haisemi mchangishaji afanye kazi bure. Alipwe mshahara, au ujira uliopangwa, na akifanya vizuri apewe hata bakshishi kama ndio utaratibu wa shirika, mradi isihesabiwe kwa asilimia ya michango. Ada ya "nimewatafutia mfadhili" nayo imekatazwa.

Mengine nayapitia mbiombio. Pesa iliyotolewa kwa paa haigeuzwi kuwa ya uzio bila kumrudia aliyeitoa akakubali. Na orodha ya waliochanga ni ya shirika. Majina na namba za simu zilizokuja na ujumbe wa mobile money haziwi mali ya kijana, akaondoka nazo, kisha mwakani akigombea udiwani tuanze sote kupokea salamu zake. Hili la pili Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019 nayo inaligusa, kwa hiyo hapo hata polisi wanaweza kuhusika.

Nilingoja kikao kiishe. Mbele ya watu sikumbishia mzee, nilimsindikiza hadi kwenye bodaboda na kumwambia, "Mzee, lile la asilimia, vyama vile vinalikataza." Akasimama. "Sasa kijana aende na nini?"

Nikamwambia aende na nauli ya basi, posho ya siku anazozunguka, na ujira ambao kamati imeutaja na kuuandika kabla hajaondoka, ili anayeuliza aonyeshwe. Akafikiri kidogo, akanirudisha chini ya mwembe. Katibu alikuwa bado anafunga daftari. Mzee akamwomba afute neno kamisheni, na katibu akauliza aandike nini badala yake. "Andika ujira," mzee akasema. "Na uache nafasi ya tarakimu."