Hataza ya programu inayojitibu: wanagombania nini hasa?

Programu kubwa siku hizi hazisubiri fundi aamke. Hujichunguza zenyewe, na zikiona hitilafu hutafuta chanzo, huwasha upya sehemu iliyokwama au hurudisha data ilivyokuwa. Aliyebuni njia ya kufanya hivyo anaweza kuiombea hataza, yaani haki ya kuwazuia wengine wasiitumie, kwa kawaida kwa miaka 20 tangu ombi lilipowasilishwa. Watu huichanganya na hakimiliki. Hakimiliki hulinda msimbo ulivyoandikwa; hataza huilinda njia, hata mwingine akiiandika upya kwa msimbo wake.

Ugomvi huwa kwenye madai, zile sentensi zinazochora mpaka wa uvumbuzi.

Kesi maarufu ya Ulaya, T 1173/97, ilihusu urejeshaji hasa. Mkataba wa Hataza wa Ulaya haukubali programu ya kompyuta ikiombewa hataza kama programu tu, na hilo "tu" limewalisha wanasheria wengi. Kampuni ya kompyuta ya IBM ilikuwa na njia ya kuokoa muamala uliokatika katikati. Chukua fedha zinazohama kati ya akaunti mbili zilizo kwenye mashine mbili: ama mashine zote ziandike mabadiliko, ama isiandike hata moja. Mawasiliano yakikatika hapo, mashine hizo lazima zipatanishwe. IBM iliiacha programu iliyoomba muamala iendelee na kazi zake huku upatanisho ukifanyika pembeni. Wakaguzi wa Ofisi ya Hataza ya Ulaya waliikubali njia hiyo, lakini wakakataa programu yenyewe kudaiwa kama bidhaa. Julai 1998 Bodi ya Rufaa ya ofisi hiyo ilisema programu yaweza kudaiwa, mradi ikiendeshwa ilete matokeo ya kiufundi yanayozidi yale ambayo programu yoyote huyaleta ndani ya kompyuta.

Na miaka 10 kabla ya hapo, katika kesi T 115/85, nayo ya IBM, Bodi ilishasema kwamba kuonyesha hali ya mtambo kiotomatiki ni suala la kiufundi.

Marekani upepo ni mwingine. Tangu hukumu ya Mahakama ya Juu katika kesi ya Alice ya mwaka 2014, dai lisilozidi wazo tupu halipiti. Mwaka 2016 kampuni ya Electric Power Group ilishindwa mahakamani na kampuni ya Alstom: hataza zake zilihusu kukusanya data za gridi ya umeme kutoka sehemu nyingi, kuzichambua na kuonyesha matokeo. Mahakama ya rufaa iliona yanatajwa matokeo yanayotakiwa, bila mbinu mpya ya kuyafikia. Ukiandika "mfumo unaogundua hitilafu na kuirekebisha" ukaishia hapo, umeandika tamaa.

Lakini mwaka 2019 mahakama hiyohiyo iliipa ushindi taasisi ya utafiti ya SRI dhidi ya Cisco, kampuni ya vifaa vya mtandao. Hataza za SRI zilieleza vichunguzi kadhaa vya mtandao, kila kimoja kikisoma aina fulani za data, kisha ripoti zao zikiunganishwa ili kumnasa mvamizi. Majaji wawili waliona hiyo ni mbinu. Wa tatu, Lourie, alipinga: kwake hakukuwa na tofauti ya maana na kesi ya gridi. Nimesoma madai ya pande zote mbili, na sioni kuwa alikosea sana.