Rangi ya rimu: yanayosemwa gereji na ukweli wake

Land Cruiser nyingi zinazobeba watalii kutoka Arusha kwenda Ngorongoro na Serengeti zina rimu za chuma, na chuma lazima kipakwe rangi. Hilo halina ubishi. Ubishi uko kwenye maneno yanayorudiwa gereji mpaka yakaonekana kuwa kanuni, na mengine yanaweza kuchomoa tairi gari likiwa safarini.

Baya kuliko yote ni hili: "Piga rangi kote, pasibaki peupe." Watu wengi hudhani nati ndizo zinazobeba tairi. Kazi ya nati ni kubana. Zikikazwa, boliti zinavutika kidogo na kugandamiza uso wa nyuma wa rimu kwenye habu (kitovu kinachozunguka, ambapo rimu hufungwa), na msuguano wa nyuso hizo mbili ndio unaobeba mzigo. Ukiweka tabaka nene la rangi hapo, au kwenye vikombe ambamo nati zinakaa, unachobana ni rangi. Joto la breki na mtikisiko wa barabara ya makorongo vinaipondaponda, nafasi inabaki, nati zinalegea, hata kama zilikazwa kwa nguvu zote. Dalili huonekana mapema ukiitafuta: michirizi ya kutu au unga mweusi kuanzia kwenye nati, na matundu ya rimu yaliyoanza kutanuka upande mmoja.

Fundi akikwambia rimu mpya nazo huja zimepakwa kote, mjibu kwamba ile ya kiwandani ni nyembamba na mtengenezaji ameipigia hesabu. Ya kopo, koti tatu juu ya praima (rangi ya kwanza ya msingi), hakuna aliyeipigia. Ziba vikombe na uso wa habu kwa seloteipu ya karatasi kabla ya kupuliza. Ukifunga, kaza nati kwa spana yenye kipimo, kwa kuvuka kutoka nati moja hadi ya upande wa pili, kisha kagua tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Ukingo ambao mdomo wa tairi unakaa nao usirundikiwe rangi. Mabonge huvujisha upepo polepole.

"Kutu ikifunikwa imekufa." Haijafa. Praima ya kawaida hupitisha unyevu, na kutu iliyoachwa chini yake huendelea kula hadi rangi inyanyuke kama malengelenge. Msasa hadi chuma king'ae, futa mafuta kwa thina, kisha praima siku hiyohiyo. Hapa hakuna njia ya mkato.

Wenye rimu za aloi, yaani za mchanganyiko wa alumini, nao husema zao hazishiki kutu, basi rangi ni urembo. Ni kweli hazitoi kutu nyekundu, lakini alumini huliwa na chumvi, na magadi huila pia. Ziwa Natron lina pH (kipimo cha asidi na magadi, ambapo 7 ni katikati) inayopita 10, na alumini haivumilii magadi makali kiasi hicho. Tope lake likikaa kwenye mkwaruzo, linaanza kuchimba chini ya rangi. Ukirudi kutoka huko, osha rimu ndani na nje kwa maji mengi siku hiyohiyo, hata kama ni mpya.

Rangi ya unga, ile inayookwa kwenye tanuri kwenye nyuzi 180 hadi 200 za Selsiasi, ni ngumu kweli na naipenda kwa rimu za chuma. Kwa aloi, uliza kwanza. Rimu nyingi za aloi hupata uimara wake kwa kupashwa joto kiwandani, na kuziokaoka tena kwa joto kali kunaweza kuupunguza. Halafu tabaka lake nene huficha nyufa. Rimu iliyopiga mawe ikaguliwe ikiwa uchi, hasa kuzunguka matundu ya nati, kabla haijapakwa chochote.

La mwisho lisijaribiwe kabisa: kuchoma rangi ya zamani kwa gesi tairi likiwa bado kwenye rimu. Wengine hudhani kutoa upepo kunatosha. Raba ikipata joto ndani hutoa gesi zinazowaka, na tairi linaweza kulipuka hata kama valvu imeshatolewa. Mlipuko huo unaua. Tairi livuliwe kwanza, na rangi itolewe kwa msasa, brashi ya waya au dawa ya kuyeyusha rangi.