Kitenzi cha kujirejelea cha Kihispania kinapoingia kwenye hali ya "-e"

Chukua neno "ajifiche". Limebeba a- ya mtendaji, -ji- inayomrudishia mtendaji kitendo chake mwenyewe, na -e ya mwisho inayotuambia kwamba hakuna aliyejificha bado: ni kutaka tu, kuagiza au kutamani. Kihispania husema "que se esconda". Hapo "se" ndiyo -ji- yetu, na ile "a" ya mwisho inafanya kazi ya -e; umbo hili la kutaka na kutamani ndilo tutakaloliita hali ya -e, hata pale Kihispania kinapotumia a. Kwa hiyo anayejifunza Kihispania akitokea kwenye Kiswahili haanzi sifuri, ingawa kufanana huku ndiko pia kunakomkwaza.

-ji- haina habari na nafsi: nijifiche, ujifiche, tujifiche, yenyewe ni ile ile. Kihispania huibadilisha kila mara: me, te, se, nos, os, se. Wala haikai tumboni mwa kitenzi; husimama mbele yake kama neno linalojitegemea. Kwa "levantarse", yaani kuamka au kuinuka, tunapata: que me levante, que te levantes, que se levante, que nos levantemos, que os levantéis, que se levanten. Ile "os levantéis" utaisikia Hispania. Amerika ya Kilatini "nyinyi" nao husemwa "se levanten".

Irabu ya mwisho ina kisa chake. Vitenzi vya -ar, yaani ambavyo umbo lao la kamusi huishia -ar, hugeuza a kuwa e, sawa kabisa na soma kuwa asome: se levanta, que se levante. Vya -er na -ir huenda kinyume: se esconde ni "anajificha", que se esconda ni "ajifiche". Sikio letu limezoea kuisikia -e kama ombi, kumbe kwenye "esconde" ni taarifa ya kawaida tu. Mzizi nao huchukuliwa kwenye "mimi" ya wakati uliopo: me pongo (navaa), toa o, weka a, unapata me ponga. "Quiero que te pongas el abrigo": nataka uvae koti. Vitenzi vichache vina njia zao, na "irse", kuondoka, ni mmojawapo: me vaya, te vayas, se vaya.

Pale panapowachanganya hata waliosoma miaka miwili ni kwa ndugu wawili, sentarse (kuketi) na sentirse (kujisikia). Katika wakati uliopo "me siento" ni ya wote wawili: naketi, najisikia. Ukiingia hali ya -e wanaachana, kwa sababu mmoja ni wa -ar na mwingine wa -ir. "Quiero que se siente": nataka aketi. "Quiero que se sienta mejor": nataka ajisikie nafuu. Na usisahau kwamba "se siente" hiyo hiyo, nje ya hali hii, ni "anajisikia". Kinachokuokoa ni kutazama sentensi nzima: kuna "quiero que" mbele yake au hakuna?

Kwenye amri tuko nyumbani. Sisi husema "amka!", lakini tukikataza tunasema "usiamke", -e ikijitokeza. Wao pia: "levántate!", kisha "no te levantes". Amri ya kukubali humeza kile kirejeshi (me, te, se na wenzao) mwishoni mwa kitenzi, na alama ya mkazo huandikwa ili sauti isihame. Anayemheshimu mtu na kumwita "usted" hutumia umbo la hali ya -e hata akiamuru: "siéntese", karibu uketi. "Tuinuke" ni levantémonos. S ya levantemos hudondoka mbele ya nos.

Sasa mipaka. Kiswahili kinaruhusu "nataka niamke mapema", mtu mmoja kotekote. Kihispania hakiruhusu: mtakaji na muamkaji wakiwa mmoja, kitenzi hubaki bila nafsi, "quiero levantarme temprano". Ukilazimisha "quiero que me levante", msikilizaji ataelewa unataka mtu mwingine akuinue. Kosa hili ni letu hasa, na sijaona likitajwa vya kutosha.

Upande wa pili, wao huitumia hali hii mahali ambapo sisi hatuigusi. "Nikiamka nitakupigia" kwao ni "cuando me levante, te llamo", kwa kuwa kuamka kwenyewe bado hakujatokea. "Kabla hajaondoka" ni "antes de que se vaya". "Sidhani kama anakumbuka" ni "no creo que se acuerde". Kutafuta -e ya Kiswahili ndipo uitie ya Kihispania hakutakufikisha hapo. Jiulize badala yake kama jambo limeshathibitika au bado liko kwenye matarajio na mashaka. Na "ojalá", neno la kutamani lililotoka kwenye Kiarabu likiwa na jina la Mungu ndani yake, huitaka hali hii daima: "ojalá te mejores", Mungu akujalie upone.

Utaona pia kwamba se na -ji- hazigawani kazi sawasawa. Kuoga, kuvaa, kulalamika, kukumbuka: hakuna -ji- hata moja, ilhali bañarse, vestirse, quejarse na acordarse zote zina se. Kujifunza kwao ni aprender tu, bila chochote. Tena "que se perdonen" yaweza kuwa "wajisamehe" au "wasameheane"; -ji- na -an- kwao ni kitu kimoja.

Hatari ya mwisho ni ya herufi moja. Mtu akikuaga, huenda akakuambia "que te vaya bien". Unaona te, unaona vaya, unadhani ni irse. Siyo. Vaya hapo ni ya nafsi ya tatu, na mwenye kwenda ni mambo yako; te ni -ku- yetu, siyo -ji-: yakuendee vizuri. Ingekuwa kujirejelea, te ingedai vayas, nafsi ya pili kwa nafsi ya pili. Sasa jaribu kumwitikia mwenyeji wako mlangoni ukiongeza s hiyo na kusahau bien: "que te vayas!" Umemwambia atoke, na nyumba ni yake.