Kabla Hujanyooshwa Mgongo, Pimwa

Malalamiko yanayozidi kufika kwenye kliniki yetu ya tiba ya viungo hapa Moshi yanafanana: mtu alikuwa na maumivu ya kiuno yanayoshuka mguuni, akaenda kunyooshwa mgongo, akarudi amezidiwa. Wengi ni wapagazi wa mlimani, madereva wa bodaboda na akina mama wabeba mikungu ya ndizi.

Hatuipingi kairopraktiki, yaani tiba ya kunyoosha mgongo kwa mikono. Ni taaluma iliyoanzia Marekani mwaka 1895, na aliyeisomea hamnyooshi mtu kabla ya kumpima. Atakulaza chali, ainue mguu ukiwa umenyooka. Maumivu yakichoma hadi chini ya goti kabla ya nyuzi 70, atashuku mzizi wa neva umebanwa. Atauliza ganzi iko wapi: ikiwa kwenye kidole gumba cha mguu atafikiria neva ya L5, yaani ya tano ya kiunoni, ikiwa kwenye kidole cha mwisho na ukingo wa nje wa wayo, S1, inayofuata chini yake. Atagonga kano ya kisigino kwa nyundo ndogo, akutembeze kwa visigino, kisha kwa ncha za vidole. Aliyekuwekea goti mgongoni bila hata kimoja kati ya hivi hakukupima.

Na mgongo unapoalika, si pingili inayorudi mahali pake. Tumelisema hili hadi tumechoka. Ni gesi ndani ya ute wa kiungo, basi. Diski, ule mto ulio kati ya pingili, ikitokeza na kubana neva haisukumwi ndani kwa nguvu za mtu. Kwa wagonjwa wengi maumivu hupungua ndani ya wiki 6 hadi 12 kwa kutembea, mazoezi na dawa za kutuliza. Kunyooshwa huwapa baadhi yao nafuu, hatukatai. Ila mwenye homa za jioni, jasho la usiku na kukonda asiguswe: kifua kikuu hula pingili pia.

Utaratibu ni huu. Anzia zahanati au kituo cha afya, upewe barua ya rufaa yenye muhuri, upande hospitali ya wilaya, kisha ya mkoa, ambayo kwetu ni Mawenzi, na KCMC, hospitali ya rufaa ya kanda, ikibidi. Njoo na picha zako za zamani za hospitali. Usidai eksirei ili uone neva, haiionyeshi. Wala si kila mgonjwa anahitaji MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. Mtoa tiba mbadala husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, chini ya Sheria Na. 23 ya mwaka 2002, na kituo chake nacho husajiliwa. Omba kuona vyeti vyote viwili. Kutoa huduma bila usajili ni kosa kisheria.

Asiyesubiri barua ni mwenye ganzi makalioni na sehemu za siri, aliyezuiwa mkojo au unaomtoka bila kujijua, au anayelegea miguu yote miwili. Huyo aje dharura, hata usiku wa manane, kwa sababu upasuaji ukichelewa huenda asiweze tena kudhibiti mkojo na choo. Wapo wanaoona haya kuyataja hayo, wakaishia kueleza kiuno tu. Hao hupangwa foleni ya kawaida.