Gazeti la mkoa likitaka kusimulia kidijitali lianze na jedwali, mbwembwe zitafuata

Wahariri wa mikoani wakija kwenye kitengo chetu cha mafunzo wengi wanakuja na ombi lile lile, tunataka kitu kama cha Wamarekani, ukiskroli picha zinatembea, video inajicheza yenyewe, ramani inazunguka. Nawaelewa kabisa. Desemba 2012 New York Times walitoa ile stori ya maporomoko ya theluji ya jimbo la Washington, na tangu hapo kila chumba cha habari duniani kinataka ya kwake. Ila wale walikuwa na wabunifu, wapiga picha, wachora ramani na miezi ya kutosha, wewe una waandishi wanne, mmoja yuko likizo ya uzazi, na laptop ya ofisi ukichomoa chaja tu inazima. Kwa hiyo mie huwa naanza na swali la kukera kidogo: hapo mkoani kwenu kuna kitu gani muhimu ambacho hakuna mtu amekihesabu?

Watu wanakaa kimya hapo. Halafu mmoja anasema ajali za bodaboda, mwingine anasema visima vilivyochimbwa na havitoi maji, mwingine mashamba ya shule yaliyouzwa. Basi, hapo ndo mradi umeanza, na bado hatujafungua kompyuta.

Mfano ninaoupenda ni wa Charleston, South Carolina, gazeti linaitwa Post and Courier. Ni gazeti la eneo lile tu, chumba cha habari wakati huo kilikuwa na watu kama 80, kwetu ni wengi sana ila kwa Marekani hao ni wadogo. Mwaka 2013 ikatoka ripoti kwamba jimbo lao linaongoza nchi nzima kwa kiwango cha wanawake kuuawa na wanaume. Gazeti lingine lingeandika hiyo habari siku moja kesho yake likaendelea na mpira. Wao wakakaa chini wakajenga databesi yao wenyewe ya vifo vya miaka kumi, wakapata zaidi ya wanawake 300, na kutoka kwenye hiyo orodha ndo maswali mengine yakaanza kuchomoza. Wakagundua kumpiga mbwa wako kunaweza kukupeleka jela miaka mitano wakati kumpiga mkeo kwa kosa la kwanza mwisho siku 30. Wakagundua kaunti zote 46 za jimbo zina angalau kituo kimoja cha kuhifadhi wanyama lakini vituo vya kuwahifadhi wanawake wanaokimbia kipigo vilikuwa 18 tu jimbo zima. Mfululizo ukatoka Agosti 2014, mwaka uliofuata wakachukua tuzo ya Pulitzer ya huduma kwa umma na jimbo likabadilisha sheria yake. Sasa niambie hapo ramani inayozunguka ingeongeza nini. Uzito wote ulikuwa kwenye ile orodha, na ukurasa wa mtandaoni ukawa ni mlango wa kuingilia kwenye orodha.

Wengine walichagua njia tofauti, Cincinnati Enquirer mwaka 2017 waliwatawanya waandishi na wapiga picha zaidi ya 60 kwa wiki moja ya Julai kufuatilia heroini mjini kwao, wakasimulia siku kwa siku na saa kwa saa. Ni nzuri mno, ila inataka watu wengi kwa wakati mmoja, kwa gazeti la mkoa la kwetu siishauri. Orodha unaijenga taratibu na watu wachache.

Tuje nyumbani sasa. Najua Tanzania magazeti ya mkoa kwa maana halisi ni machache, mengi ni ya kitaifa yanachapwa Dar, kwa hiyo ninaposema gazeti la mkoa namaanisha pia dawati la kanda, au hata redio ya jamii yenye tovuti. Tuchukulie uko Mwanza. Mwezi Mei 2020 Ziwa Victoria lilipanda mpaka likavuka rekodi iliyokuwa imekaa tangu 1964, baada ya mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa 2019. Habari ziliandikwa sana wakati ule, picha za mialo (sehemu za kushushia samaki) iliyozama, nyumba zina maji hadi dirishani, viongozi wamevaa gambuti. Halafu maji yakapungua na habari nayo ikapungua. Swali ambalo halikuhesabiwa ni jepesi kulitamka: watu wa ukingoni walienda wapi, na ukingo wenyewe sasa uko wapi?

Hilo la pili usilichukulie poa, kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 kifungu cha 57 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari, ziwa au mto. Mita 60 kutoka wapi, ziwa likiwa limesogea? Mtu aliyejenga mita 70 kutoka majini, maji yakaja mita 20, je, amekuwa mvamizi akiwa amelala? Swali la aina hii halitaandikwa na mtu wa New York, na sidhani kama litaandikwa na mtu wa Dar, linamsubiri mwandishi anayepita Kirumba, hapo hapo Mwanza, kila asubuhi.

Jedwali linajengwaje. Fungua shiti ya kawaida kabisa ya kompyuta, kama ya Excel, mstari mmoja kwa kila mwalo au mtaa wa ukingoni, kisha safu: jina la mtaa na wilaya, mwezi maji yalipofika, kaya zilizohama kwa kauli ya mwenyekiti wa mtaa, kaya zilizohama kwa hesabu yako mwenyewe ukizunguka, choo cha umma kilizama au la, huduma gani haijarudi, nani amekuambia na lini. Hiyo safu ya mwisho watu wanaiona ni usumbufu ila siku ofisi ya mkoa ikikupigia simu kuuliza umetoa wapi namba utaishukuru. Usichanganye kauli ya mwenyekiti na hesabu yako kwenye safu moja, acha zipishane, mara nyingi tofauti yenyewe ni habari. Na nenda stoo ukatafute nakala zenu za zamani kabla mchwa hawajamaliza, piga picha kwa simu kila habari ya mafuriko ya ziwa na uandike tarehe. Nyaraka hizo hana mtu mwingine yeyote, na naona magazeti mengi yanazichukulia kama takataka.

Picha za satelaiti zipo bure, Sentinel-2 za Ulaya zinapita kila baada ya siku tano na Landsat za Marekani zinarudi nyuma hadi miaka ya 1970. Unaweza kuweka mbili bega kwa bega, kabla na baada, msomaji anavuta mstari kwa kidole, kuna kifaa cha bure cha mtandaoni cha Knight Lab, maabara ya uandishi ya Chuo Kikuu cha Northwestern Marekani, kinaitwa JuxtaposeJS kinafanya hivyo. Ila angalieni, kitone kimoja cha Sentinel-2 ni mita 10 kwa 10 chini ardhini, kwa hiyo picha hiyo itakuonyesha ghuba imevimba lakini haiwezi kukwambia maji yamesogea mita tatu kwa fulani, na nimeona michoro inayodai hivyo, ni uongo usiokusudiwa. Tena mawingu! Msimu wa mvua ndo unaotaka picha na ndo ziwa linafunikwa wiki nzima.

Hapo kuna jambo linanisumbua kuliko teknolojia yote. Ukiweka kila nyumba kwenye ramani, na nyumba hizo ziko ndani ya mita 60, umetengeneza orodha ya kubomolewa. Mama aliyekukaribisha uji akakueleza shida zake ndo huyo huyo atakayewekewa alama ya X ukutani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nayo inataka uwe makini na taarifa za watu, lakini hata isingekuwepo ningesema ishia ngazi ya mtaa. Namba ya kaya mtaani inatosha kubeba hoja. Shiti yenye majina ibaki kwa watu wawili, ile ya kutoa kwa umma iwe nyingine.

Kuhusu muonekano ntasema kidogo tu. Msomaji wako ana simu ya skrini ndogo na bando analolipigia hesabu, ukurasa wa megabaiti 20 kwa mtu aliyenunua megabaiti 200 umemlia moja ya kumi ya alichonunua hajafika hata aya ya tatu. Lenga megabaiti mbili, video isijicheze, ramani iwe picha ya kawaida kwanza na ile ya kubonyeza ije kwa anayetaka. Kila mchoro uwe unaeleweka ukiwa peke yake maana utakatwa na kutupwa kwenye magrupu ya WhatsApp bila linki yako, kwa hiyo jina la gazeti, tarehe na chanzo viwe ndani ya picha yenyewe. Tengeneza na sauti ya dakika mbili tatu kwa wanaosikiliza kuliko kusoma, wavuvi wanaorudi alfajiri hawatakaa kuskroli. Na gazeti la karatasi msilisahau, ramani ile ile kurasa za kati, watu wataibandika dukani.

Tarehe ya kutoa isipangwe na mhariri kwa jinsi anavyojisikia. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa mvua za masika kabla msimu haujaanza, toa mradi wiki hiyo, wakati viongozi wanaulizwa wamejiandaaje na kila redio inatafuta namba.

Mwisho ni mambo ya uhifadhi ambayo hayana raha. Adobe walipoacha kuihudumia Flash, programu iliyokuwa inachezesha michoro na video mtandaoni, mwisho wa 2020 miradi kibao ya magazeti makubwa ikageuka boksi tupu la kijivu, Storify, iliyokuwa ya kukusanya posti za mitandao kuwa stori moja, ilifungwa 2018, Fusion Tables ya Google, ya kugeuza jedwali kuwa ramani, ikafungwa Desemba 2019 na ramani za waandishi zikaenda nayo. Vifaa vya bure mnavyotumia leo navyo siku moja vitaondoka. Jedwali lihifadhiwe pia kama faili la kawaida la CSV, yaani maandishi matupu yanayofunguka kwenye programu yoyote ya majedwali, nakala moja kwenye diski ofisini na nyingine kwa mhariri, maandishi yawe kwenye tovuti yenu wenyewe, michoro yote iwe na picha mbadala. Kisha andikeni kwenye kalenda ya chumba cha habari nani anaifungua ile shiti kila masika ikiisha, kwa cheo, sio kwa jina, sababu waandishi wa mikoani wanahama sana, na ada ya jina la tovuti ilipwe kabla haijaisha, maana ikishachukuliwa na watu wa kamari kuipata tena ni kazi.